Foto iko na mwenyewe: maneno kwa vijana wa Kolwezi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa harakati yetu hapa Kolwezi. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)



Vijana wenzangu wa Dilala na wa Manika, na nyinyi mliotoka Fungurume na Lubudi, aksanti kwa kufika. Leo sitasema juu ya barabara, wala maji, wala mishahara. Hayo tunayasema kila juma. Leo nataka tuseme juu ya kitu kinachoonekana kidogo: jina la mtu chini ya foto aliyoipiga, na jina la mtu kando ya wazo alilolitoa.

Mu mji wetu, kila mwenye telefone amekuwa mwandishi wa habari. Kijana wa Kasulo anapiga foto ya shimo lililochimbwa ndani ya kiwanja, karibu na ukuta wa nyumba. Dada wa Musonoi anapiga foto ya mto uliobadilika rangi. Mwingine, blogueur, anakaa usiku mzima anasoma sheria ya migodi ili atuelezee kwa maneno ya watu. Kesho yake, ile kazi iko mu WhatsApp ya Lubumbashi. Keshokutwa iko Kinshasa. Kisha juma, iko Bulaya. Lakini jina limeanguka njiani. Ukiuliza, "Hii foto ni ya nani?" wanakujibu, "Nilipata mu WhatsApp."

WhatsApp haina macho. WhatsApp haikwendaka ku shimo. Kuna mtu alikwenda.

Wengine watasema, "Ndugu, tuko mu mapambano ya haki. Watoto wanabeba mifuko ya mawe, na wewe unatuletea hadithi ya majina?" Ni swali la haki, na nitalijibu. Jina ni sehemu ya mapambano yenyewe, na nitaonyesha vile.

Tuanze na ushahidi. Tarehe 27 mwezi wa 6, 2019, udongo uliporomoka mu shimo la KOV, hapa karibu, mu eneo la Kamoto Copper Company. Watu wasiopungua 43 walikufa. Siku kama ile, kila telefone inalia. Foto zinakimbia kuliko ambulansi. Na kati ya foto za kweli, kila ajali inaleta pia foto za zamani, foto za shimo lingine, hata za inchi ingine. Sasa, siku tunapoweka foto mbele ya mkubwa wa kampuni ao mbele ya serkali, jibu lao la kwanza tunalijua wote: "Hii si ya hapa. Hii ni ya zamani."

Kama foto haina jina, haina fasi, haina siku, tutajibu nini? Tutanyamaza. Lakini kama tunajua nani aliipiga, tunaweza kumfuata na kumuuliza: ulisimama wapi? Saa ngapi? Uko na ingine iliyopigwa mbele ya hii? Telefone yake inaweza kuwa ingali na foto ya kwanza kabisa, ile yenye siku na saa ndani yake. Ile uliyopokea mu WhatsApp imekwisha kupunguzwa, na hizo habari za ndani zimeondolewa. Maana yake: ukikata jina, umekata njia ya kurudi ku ukweli. Mtu anayetaka tuonekane waongo hana haja ya kufanya kazi nyingine. Wewe umemsaidia.

Sisi watu wa Lualaba tunapaswa kuelewa hii kuliko wengine. Muende Musompo, pale ku depo. Mfuko unatoka ku shimo fulani, umechimbwa na timu fulani. Unafika, wanaupima na ile mashini tunaita Metorex, wanaumwaga pamoja na mingine. Kisha pale, nani anajua jiwe lilitoka wapi? Hakuna. Njo maana dunia nzima inapiga kelele juu ya kobalti: jiwe limepoteza mwenyewe, na mtoto aliyelibeba hapatikani tena mu hesabu. Sisi tunasimama tunasema: tunataka kila mfuko ujulikane umetoka wapi. Ni vizuri. Lakini kama tunaomba hivyo kwa mawe, tutafanyaje kinyume kwa foto za ndugu zetu? Kumwaga foto za kila mtu mu page moja bila jina, ile ni depo.

Sasa tuseme juu ya mawazo, kwa sababu wazo linaibiwa mwepesi kuliko foto. Mnajua kama Sheria ya Migodi ilibadilishwa mwezi wa 3, 2018. Ndani yake kuna mgawanyo wa ile redevance ya migodi: asilimia 50 inaenda ku serkali kuu, 25 ku jimbo, 15 ku entité ya chini pale mgodi unapofanyia kazi, yaani komine, sekteri ao sheferi, na 10 ku mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena, kampuni inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Leo kijana yeyote anaweza kusimama mu mkutano na kumuuliza burgomestre, "Ile 15 kwa mia iko wapi?" Ni swali zuri. Lakini halikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu walisoma ile sheria ndefu, kwa Kifaransa kigumu, wakala mega zao, wakaandika kwa lugha mama wa soko anayoelewa. Kisha mtu mwingine anasoma maneno yale yale ku redio: "Wataalamu wanasema..." Wataalamu gani? Mtaalamu ni kijana wa kwenu, anakaa avenue ya pili, na hata unité ya kupiga simu hana.

Nisikilizeni vizuri hapa. Wazo ni la kutumia. Hatutaki mtu afunge wazo mu sanduku. Hiyo 15 kwa mia ni ya wote, swali ni la wote, tulipeleke kila fasi. Lakini kusema "nilisoma hii kwa fulani" inakula sekunde tatu, na inafanya mambo mawili: inampa yule ndugu nguvu ya kuandika tena, na inampa msikilizaji njia ya kwenda kusoma mwenyewe. Mtu anayeandika miaka miwili bila kutajwa anachoka. Anaacha. Na siku ameacha, hakuna tena wa kutusomea mikataba.

Tuko na historia yetu mu jambo hili. Angalieni foto za kale za Union Minière. Wazungu wakubwa wameandikwa majina. Wafanyakazi wetu, walioshika nyundo, wamesimama mustari mzima, na wengi wao hakuna jina. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alizichukua foto za namna ile mu kazi yake ya 2006 iitwayo "Mémoire", akaziweka juu ya foto zake za mashini na viwanda vilivyobomoka. Ukiangalia, unajiuliza: huyu ni babu wa nani? Hatujui. Hakuna aliyeandika. Swali langu: kisha miaka 60, wajukuu wetu wakiona foto za leo za Kolwezi, watajua nani alizipiga? Ao sisi wenyewe tutakuwa tumefanya kama wale?

Lakini kuna mfano mzuri pia, na ni wa hapa kwetu Katanga. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa fundi wa kuchora tableaux. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu, tableaux zaidi ya 100, na akazielezea kwa Kiswahili chetu mbele ya Johannes Fabian, mwalimu mzungu aliyekuwa anafundisha Lubumbashi. Kitabu kilitoka 1996 kule Marekani. Ndani yake, hadithi na tableaux zimeandikwa wazi kuwa ni za Tshibumba. Yeye mwenyewe alikwisha kupotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyejua alienda wapi. Lakini jina lake halikupotea. Leo mwanafunzi wa mbali akisema juu ya historia ya Zaire, anasema "Tshibumba", hasemi "mchoraji mmoja wa Afrika". Tofauti ile yote imetoka ku mustari mmoja wa maandishi.

Na sheria inasema nini? Inchi yetu iko na ordonnance-loi ya tarehe 5 mwezi wa 4, 1986, juu ya haki za waandishi na watunzi. Foto iko ndani. Maandishi yako ndani. Haki ya mtunzi kutambuliwa kama kazi ni yake iko ndani, na haki ile haiuzwi sokoni. Sheria inaruhusu kutaja kipande cha kazi ya mtu, lakini unapaswa kusema kimetoka kwa nani. Wazo lenyewe, likiwa bado wazo tu, sheria hailifungi. Inalinda vile lilivyoandikwa ao lilivyochorwa. Kwa hiyo, juu ya foto na maandishi tuko na sheria. Juu ya wazo tuko na adabu. Na mu mila zetu, mtu akikupa mbegu, hausemi shamba lilijilima lenyewe.

Sasa, kuna jambo moja zito kuliko yote, na naomba msicheze nalo. Kupiga foto karibu na mgodi ni hatari. Kuna foto ambazo jina lake likionekana, mwenyewe anaweza kukamatwa usiku ao kupoteza kazi. Kwa hiyo heshima haianzi na kuandika jina. Inaanza na kuuliza. "Ndugu, hii foto ni yako? Tunaweza kuiweka? Tuandike jina gani?" Akisema jina lake la kweli, tunaandika. Akisema jina la kalamu, tunaandika lile. Akisema, "Hapana, musiniandike," tunaandika "mwenyewe anajulikana na harakati, ameomba jina lisitajwe." Hapo bado tumesema ukweli: kuna mwenyewe. Na yule aliye ndani ya foto, mama anayeosha mawe, mtoto, creuseur, naye ni mtu. Uso wake si mali yetu kwa sababu tuko upande wa haki.

Basi, kuanzia leo, ku page yetu tufanye hivi.

Kila foto itakuwa na vitu vitatu: nani, wapi, siku gani. Kikikosekana kimoja, tunatafuta mbele ya kuweka. Kama hatujapata, haiingii, hata kama inalilisha watu.

Foto ikiwa ku ukurasa wa mwenyewe, tunapeleka kutoka kwake, na ile kifungo ya "partager". Hatupigi capture kisha kukata chini pale jina lilipo. Kukata jina na kuweka logo yetu juu, ile ni wizi, hata kama logo ni ya harakati.

Tukichukua wazo, tunasema la nani, mu mustari wa kwanza, siyo mu komanteri ya 40 pale hakuna anayesoma.

Mwandishi wa Bulaya ao shirika likituomba foto ya ndugu yetu, hatutoi kwa niaba yake. Tunawaunganisha naye. Kama kuna makuta, ni yake. Na tunaomba jina lake liandikwe, ile "mkaaji mmoja wa Kolwezi" haitoshi. Inawezekana: mwezi wa 1, 2016, Amnesty International ilipotoa raporti juu ya kobalti yetu, jina la Afrewatch, shirika la hapa kwetu Kongo, liliandikwa pamoja na lake. Wakitaka, wanaweza. Habari RDC nayo, tangu 2016, imetoa maandishi ya vijana wa miji mingi ya inchi, mengi yakiwa na jina la aliyeandika. Kwa hiyo asiseme mtu kama ni kazi ngumu.

Na nyinyi mnaopiga foto, jisaidieni. Mulinde foto ya kwanza, musiifute juu ya nafasi ku telefone. Muiweke ku kadi ao kwa rafiki mnayemuamini. Mukituma kwa WhatsApp kwa kazi ya ushahidi, mutume kama dokima, siyo kama foto, ili isipunguzwe. Mwandike siku na fasi pale pale, kabla hamjasahau.

Mawe yetu yanaondoka kila siku mu malori, yanapita Kasumbalesa, yanafika baharini, na kule mwisho kabisa hakuna anayejua jina la aliyeyachimba. Hilo hatujaweza kulisimamisha bado. Lakini foto na maneno yanatoka mu mikono yetu wenyewe. Hapa hatuna wa kumlalamikia. Ukiwa unataka kubonyeza leo mangaribi, uliza kwanza: ni ya nani?