Shetani Alinipitia



Waumini huuliza mara kwa mara kama yafaa Mkristo atumie misemo inayomtaja shetani. Wako wanaoogopa hata kulitamka jina lake, wakidhani kwamba kumtaja ni kumwita. Hofu hiyo haina msingi. Bwana wetu mwenyewe alimtaja mara nyingi, tena alimwita Petro Shetani pale mtume huyo alipotaka kumzuia asiiendee njia ya msalaba (Mt 16:23). Wahenga nao waliponena kwamba ibilisi wa mtu ni mtu, walitufundisha jambo lilo hilo: kishawishi huweza kuja kwa sura ya rafiki. Msemo wa namna hiyo hutuamsha.

Uko, hata hivyo, msemo mwingine ambao hatuna budi kuupima: “Shetani alinipitia.” Mume amempiga mkewe hata kumjeruhi, akiitwa mbele ya wazee, hujitetea kwa maneno hayo. Mtunza hazina wa jumuiya amezila fedha zilizochangwa kwa ajili ya wagonjwa. Naye husema vivyo hivyo. Wazee huitikia, “Ni shetani tu, yaishe.” Mke hurudishwa nyumbani na majeraha yake, na wagonjwa hukosa haki yao.

Tuutazame usemi wenyewe. Mtenda ndani yake ni shetani. Mimi ni mtendwa tu, mfano wa njia iliyopitwa na msafiri. Na njia haiungami, wala hailipi.

Tumsikilize sasa mfalme Daudi. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 21, chasema wazi kwamba Shetani ndiye aliyemshawishi awahesabu Waisraeli. Yoabu alimwonya, asisikie. Kisha tauni ikaua watu 70,000. Kama yuko mtu ambaye angeweza kusema kwamba shetani alimpitia, ndiye Daudi. Lakini hakusema hivyo. Alikiri mbele ya Mungu kwamba ni yeye aliyetoa amri na ni yeye aliyekosa, akaomba adhabu imwangukie yeye na nyumba ya baba yake, si watu wale. Hatimaye alipotakiwa kumjengea Bwana altare, alikataa kupewa bure uwanja wa Ornani. Alilipa shekeli 600 za dhahabu.

Mafundisho ya Kanisa yanakubaliana na hayo. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba mashetani waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakawa waovu kwa kosa lao wenyewe. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, yatukumbusha kwamba nguvu ya Shetani ina mpaka, kwa kuwa naye ni kiumbe tu (namba 395). Aweza kutushawishi; hawezi kuikubali dhambi kwa niaba yetu. Ni kweli kwamba woga, mazoea au ugonjwa huweza kupunguza lawama ya mtu. Hayo nayo yaelezwe kwa ukweli, yasifunikwe kwa msemo.

Ninyi makatekista, mnapowaandaa watoto kwa Kitubio, wafundisheni kuungama kwa nafsi ya kwanza: nilipiga, niliiba, nilisema uongo. Nanyi wazee wa jumuiya, anapoletwa mkosaji mbele yenu, muulizeni mambo mawili: Umetenda nini? Utarudishaje ulichoharibu? Zakayo hakumtaja shetani. Alitaja mara nne ya kile alichodhulumu.

Ndugu wapendwa, siku ya ubatizo tulimkataa Shetani, na kila Pasaka tunarudia kumkataa. Yeye hasikitiki akitwikwa mzigo wa makosa yetu, maadamu mkosaji anabaki na dhambi yake na aliyekosewa anabaki na jeraha lake. Msamaha wa Mungu humfikia yule asemaye, “Ni mimi.”

Tumsifu Yesu Kristo!