Spea Zinazokufa Bila Kuaga: Kulitegemea Gari Kuukuu kwa Safari za Kila Siku

Mada kwa semina ya mafundi na wamiliki wa magari

Mtu anapokwenda kununua gari lililokwisha kutumika, jicho lake la kwanza huangukia tarakimu za dashibodi. Gari la kilometa 60,000 huitwa bado bichi, la 250,000 huitwa limechoka, na mazungumzo ya bei huanzia hapo. Mada hii inashikilia kwamba tarakimu hizo hazitoshi kutueleza kama gari litamfikisha mwenyewe kazini kesho asubuhi. Gari la miaka 20 lililotembea kilometa 300,000 linaweza kutegemewa kila siku endapo mwenyewe anajua ni spea zipi hutoa ishara kabla ya kuharibika, na zipi hufa bila kuaga. Za kundi la kwanza zinaweza kusubiriwa. Za kundi la pili lazima zibadilishwe kwa kalenda, zikiwa bado nzima. Katika gereji zetu nyingi mambo yamegeuzwa: bushi inayogonga inabadilishwa siku hiyo hiyo kwa sababu inakera sikio, lakini mpira wa rejeta wa miaka 12 unaachwa kwa sababu haujavuja.

Tuanze na kilometa zenyewe. Mwalimu wa sayansi wa Marekani, Irvin Gordon, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966. Mwaka 2013 gari hilo lilitimiza maili milioni 3, yaani zaidi ya kilometa milioni 4.8. Gordon alifuata ratiba ya kiwanda ya kubadilisha oili na vifaa, mwaka baada ya mwaka. Mtu atasema barabara za Marekani si barabara za Mbagala, na atakuwa amesema kweli, ila pingamizi hilo linaitia nguvu hoja yangu. Kilometa za barabara kuu ni nyepesi: injini inazunguka kwa utulivu na upepo unapuliza rejeta. Chukua gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa huku injini ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Kila kilometa inakula mizunguko 1,650. Liingize gari hilo hilo kwenye foleni, likivuta kilometa 10 kwa saa na injini ikizunguka wastani wa mara 900 kwa dakika, na kila kilometa itakula mizunguko 5,400. Odometa imeandika kilometa moja kwa hali zote mbili. Kilometa 5,000 za kubadilishia oili, zile zinazoandikwa kwenye stika ya gereji, zikitembelewa kwa mwendo wa 80 ni saa 62 na nusu za kazi; kwa mwendo wa 10 ni saa 500. Matrekta na jenereta hupimwa kwa saa kwa sababu hii hii. Gari la foleni nalo linastahili kubadilishiwa oili kwa miezi, hata kama kilometa za stika hazijatimia.

Umri una hesabu yake, na huo hausomwi na chombo chochote ndani ya gari. Spea nyingi zinazokufa bila kuaga ni za mpira na plastiki, na mpira unazeeshwa na joto, hewa na miaka, gari likitembea au likisimama uani. Tairi linaonyesha jambo hili waziwazi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za mwisho katika mfuatano unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka 10 linaweza kupasuka mchana wa jua kali njiani Chalinze, na dereva atasema lilikuwa bado jipya. Mipira ya rejeta haiandikwi hivyo, ila inakaguliwa kwa vidole. Ibonyeze injini ikiwa baridi, hasa miisho yake karibu na klipu. Mzima hubonyea na kurudi. Uliozeeka ama umekuwa mgumu na kutoa mlio mdogo wa kukatika kwa ndani, ama umelegea kama uliolowana oili. Hali zote mbili zinamaanisha ubadilishwe wiki hiyo, hata kama hakuna tone lililoonekana chini ya gari.

Mfumo wa kupoza injini ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo niombe radhi ya kukaa hapa kidogo. Gari kuukuu likichemsha hadi hedi ya alumini ikapinda na gasketi ikaungua, mara nyingi safari yake huishia hapo. Gari lenyewe lingeweza kuendelea, lakini gharama ya kufungua injini inamkatisha mwenyewe tamaa. Asili ya janga hilo kwa kawaida ni kitu cha bei ndogo. Fikiria mfuniko wa rejeta. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni shinikizo ambalo mfuniko unalizuia kabla ya kufungua valvu yake. Maji yakiwa wazi usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Chini ya mfuniko mzima wa 0.9 hayachemki hadi takriban nyuzi 118. Mpira wa mfuniko ukikauka, nyuzi hizo 18 za usalama zimepotea, na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, maji wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Gari lenye mfuniko mbovu lililoishi salama Kinondoni litachemsha likipanda Kitonga, na lawama itaangushiwa mlima.

Juu ya hilo tumejiongezea desturi mbili mbaya. Ya kwanza ni kujaza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayojijenga ndani ya njia nyembamba za rejeta, na maji matupu huanzisha kutu kwenye chuma na kuila alumini. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo huisha nguvu kwa miaka hata kama rangi yake bado inavutia. Ya pili ni kutoa themostati. Fundi huitoa kwa nia njema, akisema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Lakini themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi zipatazo 82 ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, kompyuta ya gari huona injini ni ya baridi na kumwaga petroli zaidi, na oili haipati joto la kukausha unyevu uliomo. Kuitoa kunaficha rejeta iliyoziba kwa miezi kadhaa, kisha rejeta inaziba zaidi na gari linachemsha vilevile. Kutegemea geji nako kuna hatari zake. Katika magari mengi sindano hutulia katikati hata joto likipanda kwa nyuzi kadhaa. Vitz na Passo nyingi hazina geji kabisa, zina taa tu. Na maji yakimwagika yote, kihisio kinabaki hewani na kinaweza kuonyesha joto dogo wakati injini inaungua.

Belti ya taimingi ni ndugu wa mpira wa rejeta. Katika injini za Toyota kama 5A, 3S na 1G, kiwanda kiliweka kikomo cha kilometa 100,000. Katika 3S pampu ya maji inazungushwa na belti hiyo hiyo, hivyo ni upotevu kufungua yote na kurudisha pampu kuukuu. Wenye 1NZ, injini ya Probox na IST nyingi, wana cheni, nao hujiona wamesalimika. Ni kweli, alimradi oili ni safi na haipungui, kwa sababu oili ndiyo inayolainisha cheni na kuikaza.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi wenyewe, nalo ni la haki: kubadilisha kitu kizima ni kutupa hela. Jibu langu ni kwamba siitetei tabia ya kubadilisha kila kitu. Pedi za breki hulia, shokapu huvuja, boljointi hugonga, betri huvuta stata kwa uvivu siku kadhaa kabla ya kugoma. Hivi vyote viachwe vimalize maisha yake chini ya jicho la fundi. Fedha inayookolewa hapo ndiyo inayonunua mipira, belti, mfuniko na kulanti. Anayebadilisha mpira wa rejeta kwa kalenda anatupa labda mwaka mmoja wa maisha ya mpira. Anayesubiri upasuke anaweka rehani injini nzima, siku yake ya kazi, na usalama wa abiria wake usiku barabarani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Spea feki zimejaa, na kutoa mpira wa orijino wa miaka 10 ili kuweka feki wa miezi mitatu ni kujiumiza. Nakubali, na sidhani lina jibu kamili. Lina jibu la sehemu, nalo linatokana na mgawanyo ule ule. Spea za mtumba zinazotoka Japani au kupitia Sharjah ni chaguo la busara kwa vitu vya chuma: alteneta, habu, mlango, hata gia boksi kama historia yake inaeleweka. Kwa vitu vya mpira, mtumba haufai hata kidogo, kwa sababu belti iliyotolewa kwenye gari la mwaka 2005 imezeeka sawa na ile unayoitoa. Hapo ndipo mwenye gari anapaswa kulipa bei ya orijino mpya na kudai kuona boksi lake. Tahadhari kama hiyo inahusu oili ya gia boksi. Premio nyingi za kuanzia 2007 zina gia boksi ya CVT, na kuitilia oili ya kawaida ya otomatiki ni kuiharibu.

Pingamizi la tatu linahusu hewa na sera. Kenya inazuia kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 magari ya zaidi ya miaka 15, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Wapo wanaosema basi gari kuukuu halina haki ya kuwapo. Sera hizi zinagusa mlango wa bandari tu. Gari lililoingia Mombasa likiwa na miaka 7 litaishi barabarani miaka mingine 15 au zaidi, na moshi wake utategemea matunzo ya miaka hiyo. Anayeng'oa masega ya ekzosi na kuyauza anaidhuru hewa ya mtaa mzima, na hoja yangu yote haimtetei mtu huyo. Kuuza gari unalolijua na kuagiza jingine pia hakuondoi tatizo. Unabadilisha historia iliyo kwenye daftari lako, yenye tarehe ya kila mpira na kila kulanti, na kununua historia ambayo huijui. Kwa hiyo daftari ni chombo cha lazima kama jeki. Bila tarehe hakuna kalenda, na bila kalenda tunarudi kusubiri mlipuko.

Kuna gari lisilostahili kutunzwa, na uamuzi huo nao usitokane na odometa. Injini hufunguliwa, gia boksi hubadilishwa, lakini chesisi iliyoliwa na kutu haina dawa ya kuaminika. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yale yanayolala karibu na bahari hapa kwetu, yainuliwe kila mwaka na kugongwa kwa ncha ya bisibisi kwenye chesisi, kwenye vishikio vya shokapu na kwenye mabomba ya breki. Bisibisi ikizama kwenye chesisi, gari liende kwa wakata vyuma, hata kama injini inawaka kwa mguso mmoja.