Bahari Ina Mwenyewe
Dominika ya 12 ya Mwaka B (Ayubu 38:1, 8-11, Marko 4:35-41)



Wapendwa wasikilizaji, somo la kwanza na Injili ya leo vyatupeleka baharini. Mwenyezi Mungu anamjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, akimkumbusha ni nani aliyeiwekea bahari mipaka yake. Katika Injili mitume wamo chomboni, mawimbi yanaingia, na Bwana amelala. Hawamwulizi kama bahari ina mwenyewe. Wanamwuliza kama yeye anajali. Hayo ni maswali mawili. Sisi wahubiri tumezoea kulijibu la kwanza tukidhani tumelijibu na la pili.

Jambo hilo tulijifunza kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, katika kigango kimoja, tulihubiri juu ya utaratibu wa ulimwengu: jicho lilivyoundwa, mbegu inavyojua majira yake, nyuki anavyojenga sega. Tukahitimisha kwamba kazi iliyopangika hivyo haikosi mpangaji. Baada ya Misa mama mmoja alitungoja nje. Alikuwa amemzika mtoto wake wa pili, aliyefariki kwa ugonjwa wa selimundu kama wa kwanza. Akauliza kwa upole: "Padre, na damu ya mwanangu, aliipanga nani?" Hatukuwa na jibu. Tulimbariki, tukapanda pikipiki, tukaondoka.

Hoja tuliyoitumia siku ile ni ya kale na ya heshima. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiweka kuwa njia ya tano ya kuonyesha kwamba Mungu yupo: vitu visivyo na akili hutenda kwa kuelekea lengo, kama mshale uelekeavyo shabaha kwa sababu yuko mpiga upinde. Mwaka 1802 mchungaji Mwingereza William Paley aliipa sura nyingine. Ukiokota saa njiani, alisema, utajua kwamba yuko fundi aliyeitengeneza. Basi na viumbe hai ni hivyo.

Wapinzani nao hawakukosa. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1779, baada ya kifo chake, Mskoti David Hume alikuwa amekwisha kuonyesha hatari: tukimpima fundi kwa kazi yake, na kazi hiyo ina kasoro, tutasema nini juu ya fundi? Mwaka 1859 Charles Darwin akaeleza jinsi viumbe wawezavyo kubadilika hatua kwa hatua, wale wanaofaa mazingira yao wakiendelea kuzaa, pasipo kila kiungo kuchongwa peke yake.

Tuutazame basi ugonjwa wa mtoto yule. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki. Mtoto hurithi chembe moja ya urithi wa damu hiyo kwa baba na moja kwa mama. Akipata moja tu yenye selimundu, kwa kawaida haugui ugonjwa huo, tena hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Akizipata mbili, anaugua. Ndiyo sababu hali hiyo imedumu mahali ambapo malaria imekaa kwa muda mrefu. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Je, ni fundi gani amkingaye mtoto mmoja kwa njia imwumizayo ndugu yake? Hapa saa ya Paley inatukwamisha. Tukisema kila kiungo kimechongwa moja kwa moja kwa mkono wa Mungu, tumemtwika pia kila kasoro.

Lakini hoja ya Mtakatifu Thoma haijaanguka pamoja na saa ile. Yeye anauliza jambo la ndani zaidi: kwa nini vitu vina maumbile na kanuni hata kidogo? Mungu wake si fundi anayerekebisha saa. Huwajalia viumbe nguvu zao wenyewe za kutenda. Hata selimundu inafuata kanuni, na kwa sababu inafuata kanuni, daktari aliweza kuielewa na wengine wanaweza kuitibu. Wako wasemao kwamba kanuni hizo zipo tu, hazina sababu. Hatuwezi kuwalazimisha. Twaona tu kwamba akili inayodai sababu ya kila jambo dogo yashangaza ikiacha kuuliza ifikapo kwenye jambo kubwa kuliko yote.

Kanisa, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, lilifundisha kwamba Mungu aweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili. Mwaka huohuo Newman, ambaye sasa ni mtakatifu, aliandika katika barua kwamba yeye aliuona mpango katika ulimwengu kwa kuwa alimwamini Mungu, wala hakumwamini Mungu kwa kuwa aliuona mpango. Mambo hayo mawili hayapingani. Akili yaweza kutufikisha mlangoni. Aliyemo ndani tutamjua akijifunua mwenyewe.

Naye amejifunua wapi? Chomboni, akilowa maji yaleyale. Siku ile aliituliza dhoruba. Ijumaa Kuu hakuituliza. Aliipitia mpaka kaburini. Hiyo siyo hoja juu ya selimundu, bali ni jibu kwa wale waliouliza kama anajali.

Makatekista wapendwa, msimwambie kamwe mzazi aliyefiwa kwamba Mungu alimpangia mtoto wake maumivu ili amfundishe. Msiruhusu jirani aseme ni laana au uchawi. Msiogope sayansi. Katika mafundisho ya ndoa, washaurini wachumba wapime damu wajue hali zao, na wazazi wawapeleke watoto kliniki mapema, kwa maana matibabu ya kupunguza maumivu na kurefusha maisha yapo.

Tulirudi kwa mama yule baada ya majuma kadhaa. Hatukuwa na hoja mpya. Tulimwambia kwamba hatujui kwa nini, na kwamba tulikosa siku ile kwa kuondoka haraka. Alitandika mkeka, akatusimulia juu ya watoto wake wawili, majina yao na michezo yao, hata jua likaelekea kuzama. Tukasali rozari karibu na makaburi yao. Wakati wa kuagana alisema neno moja: "Leo Padre umekaa."

Bwana wa bahari atujalie kukaa chomboni pamoja na wanaolia. Amina.