Kumfundisha Mtu Mmoja Peke Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Idodi)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya kazi isiyo na mshahara, nayo ni kumfundisha mtu mmoja peke yake mpaka ajue. Twaomba mtuvumilie, maana tutataja na yale yanayotuaibisha sisi makarani.

Hapa Idodi, wakati wa mavuno ya mpunga, watu hutujia barazani na karatasi mikononi. Mzee mmoja alikuja kutuuliza karatasi yake yasemaje. Alikuwa ametia dole gumba akidhani ni stakabadhi ya magunia yake. Kumbe ilikuwa hati ya deni. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wanangu, nifundisheni, nijisomee mwenyewe."

Tuliona haya. Mzee huyu tulimwandikia barua zake miaka mingi, na kwa kila barua tulipokea chochote; wala hatukuwaza hata siku moja kumfundisha.

Kwanza tulimtia darasani pamoja na wenzake kumi na mmoja. Haikufaa. Wepesi walijibu kwa niaba yake, naye, mwenye mvi, aliona aibu kukosea mbele ya vijana. Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndipo tulipomchukua peke yake, nusu saa kila jioni, kwa taratibu hii:

Kwanza, pima ajualo kabla hujaanza. Mzee alijua tarakimu zote kwa sababu ya mizani. Hatukumpotezea wakati huko.

Pili, fundisha jambo moja dogo: irabu tano, kisha ba, be, bi, bo, bu, na maneno yanayotokana nazo, kama baba na babu.

Tatu, soma wewe naye akitazama, someni pamoja, kisha asome peke yake.

Nne, akikosa usimcheke wala usimjibie upesi. Ngoja. Akishindwa, rudi hatua moja nyuma.

Tano, kila jioni anza na somo la jana, wala usivuke mpaka alijue. Andika katika daftari alipofika.

Njia hii si ngeni. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto husoma ubao wake mbele ya mwalimu, wala hapewi mwingine mpaka aujue. Katika miaka ya 1930 Frank Laubach, mmisionari wa Kimarekani, aliieneza huko Ufilipino kwa sharti kwamba kila ajuaye amfundishe mwenziwe. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake aliwapita wapatao 98 katika kila 100 wa darasani. Watafiti waliofuata waliona faida ndogo kuliko hiyo. Lakini faida ipo.

Yawezekana mwanachama atasema kwamba njia hii ni ya polepole, na kwamba nchi yetu ilisomesha watu kwa madarasa. Ni kweli, nasi twayaheshimu madarasa yale. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa hesabu za Serikali wasiojua kusoma walipungua kutoka karibu 67 katika kila 100 mwaka 1967 hadi wapatao 10 mwaka 1986. Lakini aliyeachwa nyuma na darasa hatafikiwa na darasa jingine kama lile. Atafikiwa na mtu. Tena, tukiwa ishirini, na kila ajuaye akamfundisha mmoja, baada ya mara tatu tutakuwa mia na sitini.

Na mzee wetu? Msimu uliofuata alipewa karatasi, akasema, "Ngojeni." Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, watu wakimngoja, kisha akaandika jina lake. Sasa hatuletei barua tena. Zile senti zake tumezikosa, wala hatuzililii.

Ndugu zetu, kalamu tuliyopewa haikukusudiwa iwe mlango wa kutozea ushuru. Kabla hatujatawanyika, daftari la Chama litapita mikononi mwenu. Twawasihi kila mmoja aandike jina la mtu mmoja atakayemfundisha, na siku atakayoanza.