Mwananchi Asiwe Mpagazi wa Utafiti
(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Goweko)



Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi hii ya Unyamwezi ilipitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa nguvu na uvumilivu. Walibeba pembe na vitambaa mabegani, lakini hesabu ya faida ilikuwa ya wengine. Yafaa historia hiyo ikumbukwe panapozungumzwa utafiti wa afya. Mwananchi anayetoa damu ipimwe, akajibu maswali chungu nzima, kisha asiambiwe kilichogunduliwa, hana tofauti kubwa na mpagazi yule.

Magharibi ya nchi ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipambana na malale kwa kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi makubwa, mbali na vichaka vya mbung'o. Wataalamu walizijua habari za mdudu. Lakini wenye mashamba, walioacha nyuma makaburi ya wazee wao, hawakuwa na kauli katika uamuzi huo.

Baadaye ilipatikana njia iliyo bora. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwasikiliza wazazi wa Bagamoyo, wakabaini kwamba wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria. Waliihusisha na mashetani, na mtoto akapelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Bila kulijua jambo hilo, dawa ingejaa zahanati na mtoto angali anafia nyumbani. Huko Kilombero na Ulanga, wananchi waliulizwa maoni yao kabla ya mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa, vilivyopewa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliotumia vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27.

Huduma nazo hustawi kwa njia hiyohiyo. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa hapohapo, aliyefunzwa na kusajiliwa, huitwa kumpeleka mama mjamzito hospitali, naye hulipwa kwa safari hiyo. Gari na dereva vilikuwapo kijijini siku zote. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuvitambua.

Wapo wasemao kuwa sayansi haipigiwi kura. Ni kweli, kipimo cha damu hakiamuliwi kwa kunyoosha mikono. Lakini ugonjwa upi uanze kuchunguzwa, na mama apitie njia ipi masika barabara ikikatika, hayo ni mambo ya umma. Mrina asali na mchungaji wanajua mbung'o wanauma pori gani na msimu gani. Kuwaacha nje ya utafiti ni kuutia utafiti umaskini.

Vyombo vya kazi hii vipo. Mkutano mkuu wa kijiji upo kwa sheria ya mwaka 1982, na zahanati zina kamati zake. Hapana budi mtafiti asimame mbele ya mkutano huo, aeleze kwa lugha inayoeleweka anachokitafuta, apokee swali la wanakijiji pamoja na lake, na kazi ikiisha arudi na jibu, hata kama jibu hilo ni kwamba hakuona kitu. Ofisa asiyedai hayo kwa niaba ya wananchi amewatoa kwa bei rahisi. Naye mwalimu asiyewafafanulia wazazi karatasi ya ridhaa kabla hawajatia dole gumba, elimu yake imewafaa nini jirani zake?

Misafara imekwisha. Anayebeba mzigo leo ana haki ya kuufungua na kuona kilichomo.