Kima Punju na Fungu la Mkulima



Mwaka 2004 msitu wa Jozani, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mgeni huja kumtazama kima punju, mnyama asiyepatikana penginepo duniani ila katika visiwa vyetu hivi. Mkulima jirani amjua kwa namna nyingine: ndiye alaye mazao yake. Hata hilo jina punju maana yake ni sumu.

Ni nini basi kilichomfanya mkulima amvumilie? Si mabango, wala hotuba kama hii yangu. Ni pale sehemu ya viingilio vya watalii ilipoanza kurudi vijijini, na kuwafikia wenye mashamba yaliyoliwa. Kule Pete watalii hulipa ili wapite juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko; mkoko uliosimama ukawa na thamani kuliko mzigo wa kuni.

Lakini fedha peke yake haitoshi, ndugu zangu. Mkulima huuliza: nani aliyeihesabu, na mbona fungu langu halilingani na hasara yangu? Swali hilo si ukorofi, ingawa wapo viongozi wanaolisikia hivyo. Naziomba kamati za vijiji zilijibu hadharani, daftari likiwa wazi mezani, kabla ya msimu ujao wa kupanda.