Reli Ndogo ya Uani, Busisi



Mmetutaka tuwaeleze habari za reli ndogo iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Busisi, ambayo baadhi yenu mmeicheka. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikakomea huko. Sisi ghuba ilitutenga nayo, tukivuka kwa kivuko hata daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Watoto wetu walikuwa hawajapata kuona gari la moshi.

Reli ile ya kale ina upana wa mita 1 baina ya chuma na chuma. Yetu twaliifanya sentimita 5. Mataruma yalikuwa mbao za masanduku, na mabehewa madebe ya mafuta. Ndipo lilipozuka shauri. Watoto walisema reli mpya ya Isaka hadi Mwanza, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, ina milimita 1,435. Mbona twajenga ya kale? Sisi wazee, tuliosafiri Tabora kwa ile ya kwanza, tukakataa katakata.

Mvua ikatukatia shauri. Tuta lilikuwa udongo mtupu, wala hatukuchimba mfereji. Likamomonyoka usiku mmoja, mabehewa yakalala matopeni. (Kokoto si pambo, mabwana: ndizo zinazopitisha maji na kuyashika mataruma.)

Twalijenga upya juu ya kokoto za ziwani, upana sentimita 7 na kidogo. Watoto wameshinda. Ila magurudumu ya awali hayaifikii njia hii, na madebe yametuishia. Aliye nayo asiyatupe.